Gego la miaka sita na kesi ya floraidi

Ukitaka kuona watu wa Arusha wakikubaliana, taja floraidi, yale madini ya kwenye maji yetu yanayotia meno kahawia. Hapo hakuna Mmeru wala Mmaasai, hakuna wa Ngarenaro wala wa Njiro. Wote watakwambia ni balaa. Tumekua nayo midomoni. Ukicheka ukiwa Dar es Salaam au Dodoma, kabla hujataja kwenu mtu ameshakupatia: "Wewe utakuwa wa Arusha." Au atakupeleka Moshi, maana na huko meno ya kahawia yapo. Wapo vijana waliojizoeza kucheka mdomo umefumbwa, na zipo albamu za harusi ambazo bibi harusi hakuonyesha jino tangu saluni mpaka ukumbini.

Kwa hiyo simlaumu mzazi anayeingia dukani, akachukua tyubu ya dawa ya meno, akaigeuza na kuisoma maandishi madogo mpaka akaipata ile isiyo na floraidi. Anailipia, anaondoka na amani yake. Maji yalishatuharibia sisi, sasa watoto nao tuwapake kwa mikono yetu? Mimi na amani hiyo hatupatani. Mtoto wa mzazi huyo akifika darasa la pili, gego lake la ukubwani linaanza kuoza, na hapo ndipo unasikia "lakini meno ya kwetu hayaozi."

Mimi si daktari. Ni mama wa watoto wawili, tunakaa Moshono, na haya niliyonayo nimeyaokota kwenye mabenchi ya kliniki za meno, kwa kuuliza maswali mpaka dokta anatupia jicho saa ya ukutani, na kwa kusoma usiku watoto wakishalala.

Jino lenyewe kwanza. Mtoto akikaribia miaka 6, nyuma kabisa ya magego yake ya utotoni huanza kuchomoza magego mapya: mawili juu, mawili chini. Hayachukui nafasi ya jino lolote. Hakuna jino lililolegea, hakuna uzi wa kufunga mlangoni, hakuna jino la kurusha juu ya bati. Mtoto mwenyewe mara nyingi halalamiki, atasema tu ufizi unamuwasha. Ndiyo maana wazazi wengi hawajui kama limetoka, na wakiliona wanalihesabia kundi la meno ya utotoni. Kauli hii nimeisikia sana kwenye foleni: "Hilo si litang'oka tu?" Halitang'oka. Hilo ndilo gego kubwa la kwanza la ukubwani, limekuja kukaa mpaka uzee, na likiharibika hakuna jingine linalosubiri chini yake.

Tena linatoka likiwa nyonge. Linapanda polepole, miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, kabla ya kukutana na mwenzake wa juu. Muda wote huo uso wake uko chini kuliko meno ya jirani, kwa hiyo mswaki unaopita kwa mwendo wa kawaida unateleza juu ya majirani na kuliruka. Nusu ya nyuma imefunikwa na kipande cha ufizi, na chini yake chakula kinajificha. Uso wa gego una mifereji, mingine myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Juu ya yote, enameli yake, lile gamba gumu la nje, bado haijakomaa. Jino jipya huendelea kujikaza kwa madini ya mate kwa miaka kadhaa baada ya kutoka. Miaka ile miwili mitatu ya mwanzo ndiyo ya kulilinda kwa nguvu zote, na ndiyo miaka ambayo sisi wazazi tunasema, "Ameshakua, apige mswaki mwenyewe."

Watu husema jino "limetoboka" kama vile jambo limetokea usiku mmoja. Tobo ni mwisho wa safari ndefu. Vijidudu vinavyoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata kwenye meno, hula sukari na kutoa asidi. Uchachu ukipita kiwango fulani, ambacho kwa enameli hukadiriwa kuwa pH 5.5, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye jino. Mdomo ukiachwa upumzike, mate hupunguza ule uchachu ndani ya nusu saa hadi saa moja hivi, kisha huanza kurudisha kile kilichotoka. Mchezo huu unachezwa kila siku kwenye kila kinywa. Jino linaoza pale ambapo kutoka kumezidi kurudi, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi.

Kwa sababu hiyo swali la dokta mzuri haliwi "mtoto anakula sukari kiasi gani" peke yake, bali "mara ngapi." Kikombe kimoja cha chai tamu na andazi asubuhi, basi, meno yanaweza kulimudu hilo. Shida ni siku ya mtoto wa shule ilivyo: chai nyumbani, biskuti ndani ya gari la shule, juisi kwenye chupa anayoinywa kidogo kidogo mpaka mchana, lambalamba getini, na ubuyu mfukoni. Ubuyu naupenda na sitaki kuusingizia, lakini ule mwekundu wa sukari ni adui aliyekamilika: ni mchachu wenyewe, una sukari, unang'ang'ania kwenye mifereji, na mtoto anaumung'unya mbegu moja moja njia nzima kutoka shuleni. Mate hayapati nafasi hata ya kuanza kazi.

Sasa niwapeleke kwenye kiti cha meno, kwa sababu kitu nilichokiona pale ndicho kilichonifanya niandike.

Binti yangu alikuwa amepelekwa kuangaliwa tu, hana maumivu, hana tobo. Dokta aliweka vipande vya pamba pembeni ya gego la chini, akalipuliza upepo kwa sekunde chache. Akaniita: "Mama, sogea uone." Kwenye kioo kidogo niliona ukingo mweupe ukifuata mfereji wa gego, mweupe wa chaki, usio na mng'ao. Kisha akalilowesha kwa maji. Ule weupe ukapotea, jino likarudi kuonekana zima kabisa. Akalikausha tena, ukarudi.

Akanieleza kwamba pale enameli imeshapoteza madini na kubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikijaa maji, mwanga hupita na huoni kitu. Vikikauka, weupe unajitokeza. Doa linaloonekana jino likiwa kavu tu bado liko juujuu. Linaloonekana hata jino likiwa limelowa limeshaingia ndani zaidi. Na yote mawili, mradi uso wa juu haujabomoka, yanaweza kusimamishwa, na mara nyingine madini yakarudi, bila kuchimba na bila sindano ya ganzi.

Nilimuuliza kwa nini hakulichokoa kwa kile kichokoo chenye ncha kali, kama tulivyokuwa tukifanyiwa sisi. Alisema hawapendi tena, kwa sababu ganda la juu la doa kama lile ni jembamba. Ukilisukuma kwa ncha unaweza kulivunja mwenyewe na kutengeneza tobo ambalo halikuwepo. Wanasafisha ukoga, wanakausha, wanatazama. Kifaa chenye kichwa cha duara kikitumika, ni kupapasa kwa upole tu kama uso ni laini au una mikwaruzo.

Nilipomweleza bibi wa binti yangu, ambaye ni mtu wa Usa River na meno yake ni ya kahawia ya kweli, alicheka. "Hayo ni madoa ya maji, mwanangu. Baba yake alikuwa nayo hivyo hivyo, na mbona anatafuna mifupa?" Sikubishana naye pale pale, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu ana hoja. Kwenye mkoa huu doa jeupe kwenye jino la mtoto linaweza kuwa la maji kweli. Kutofautisha ndiyo kazi, hata kwa madaktari.

Doa la maji huja na jino. Linakuwepo tangu siku jino linachomoza, kwa kuwa limetokea jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya taya. Huja kwa jozi: likiwa kwenye gego la kulia, mwenzake wa kushoto naye analo, maana yalitengenezwa wakati mmoja. Husambaa kwenye uso mzima, kama mistari myembamba ya kulala au weupe wa mawingu, na ile rangi ya kahawia huingia baadaye, jino likishatoka. Doa la kuoza halina adabu hiyo ya jozi. Linakaa mahali ambapo ukoga unakaa: kwenye mifereji, kwenye upinde mwembamba kando ya ufizi, au pale jino linapogusana na jirani. Likiwa hai halina mng'ao na lina mikwaruzo, na mara nyingi ufizi wa pembeni unavuja damu ukipiga mswaki. Likishasimama huwa gumu na linang'aa tena, hata kama rangi yake haikurudi yote. Kuna pia magego yanayozaliwa dhaifu yenyewe, yenye mabaka ya manjano au rangi ya maziwa yenye mpaka unaoonekana, na mtoto huyasikia yakiuma kwa maji baridi. Hayo yanahitaji dokta mapema kuliko mengine.

Bibi ana hoja ya pili pia, ile ya kutafuna mifupa. Ni kweli floraidi kidogo hulipa jino ulinzi. Lakini ikizidi sana wakati jino linatengenezwa, enameli hutoka na vitundu, inamegeka vipande, na mashimo yake yanakuwa malazi mazuri ya ukoga. Jino la kahawia linaoza. Nimeyaona, nanyi mkitazama vizuri mmeyaona, sema tumezoea kusema ni rangi tu.

Sasa kesi yenyewe. Floraidi iliyotupaka kahawia ilimezwa. Ilipita tumboni, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye taya ambako meno yalikuwa bado yanaundwa. Jino likishamaliza kuundwa mlango huo unafungwa. Kichwa cha gego la miaka 6 huanza kukomazwa karibu na siku ya kuzaliwa na kinakuwa kimekamilika mtoto akiwa na miaka 3 hivi. Yaani siku unapoliona linachungulia kwenye ufizi, maji ya Arusha yalishamaliza kazi yake juu yake miaka mitatu nyuma. Dawa ya meno utakayoipaka leo haiwezi kuligeuza rangi. Inachofanya ni kitu kingine kabisa: inakaa kwenye mate na kwenye ukoga, na kalsiamu na fosfeti zinapojaribu kurudi kwenye ule ukingo mweupe inazisaidia kushika, na enameli inayojengwa hapo inakuwa ngumu zaidi kwa asidi kuliko ile ya kwanza.

Wapo watakaoniambia: dawa ya meno ina floraidi 1,450 kwa milioni (ile "ppm" ya kwenye tyubu), na maji hata ya Ngarenanyuki hayafiki huko. Tupige hesabu basi. Dawa ya ukubwa wa punje ya njegere ina uzito wa robo gramu hivi. Hata mtoto akiimeza yote, atakuwa amemeza floraidi isiyofika miligramu 0.4. Lita moja ya maji yenye miligramu 4 ni miligramu 4, na hayo hakuna anayeyatema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi, kwa miongo mingi, maji ya vijijini yaliruhusiwa kufika 8, kwa kuwa hakukuwa na mengine. Mshtakiwa yuko kwenye ndoo na sufuria, tunamtafuta kwenye tyubu.

Kwenye sufuria nimaanishe hasa magadi. Kande na maharage bila magadi kwa wengine ni kama hayajapikwa, najua. Lakini magadi yetu yanabeba floraidi, mengine kwa wingi. Miaka ya 1990 watafiti walikuta Kibosho, kule juu Moshi ambako maji yana floraidi kidogo sana, watoto wenye meno yaliyoharibika vibaya kwa floraidi, na magadi yakawa kati ya vitu vilivyotiliwa shaka. Kwa mtoto ambaye meno yake bado yanaundwa, yaani kabla ya miaka 8, mpikie chakula chake kando bila magadi. Loweka maharage usiku, yataiva. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo kila lita inakuwa nayo nyingi zaidi. Maji ya mvua karibu hayana kabisa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa, ambao huinasa floraidi maji yanapopita, na anayekaa upande wa Maji ya Chai au Oldonyosambu bila maji safi ya bomba angefaa aulizie chujio la aina hiyo kabla ya kuulizia dawa ya meno ya mitishamba.

Ndiyo, tahadhari ya kumeza inabaki, kwa sababu mtoto wa miaka 4 ana magego mengine ambayo bado yanaundwa. Chini ya miaka 3, dawa iwe alama tu ya ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Mzazi ndiye anayeiweka kwenye mswaki, si mtoto, maana matangazo ya televisheni yamewafundisha kulaza mnyoo mzima. Tyubu isome: tafuta kati ya 1,000 na 1,500. Apige mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, ateme, lakini asisukutue kwa maji, vinginevyo umelipia dawa uimwage kwenye karo. Hili la kutosukutua limeleta mgogoro nyumbani kwangu kuliko jambo lolote la afya, kwa vile baba watoto haamini kwamba mtu anaweza kulala na povu mdomoni. Kutema vizuri kunatosha.

Kuhusu gego linalochomoza kuna ufundi wake. Simama nyuma ya mtoto, kichwa chake kiegemee kifua chako, afungue mdomo nusu tu, maana akiufungua wote shavu linakaza na mswaki haupiti. Geuza mswaki ulale kukatisha mstari wa meno, uingie kutoka upande wa shavu, kichwa chake kikae juu ya gego lenyewe peke yake, halafu sugua kwa midundo mifupi. Ukisikia mtoto anasema "hapo panauma," umefika. Mswaki wa mti, ile wanayouza Wamaasai mjini, unasafisha vizuri meno ya mbele, ila kwa gego lililozama nyuma nusu limefunikwa, sijaona mtoto anayelifikia.

Sasa tiba za kliniki kwa doa ambalo halijatoboka. Ya kwanza ni vanishi ya floraidi. Dokta anasafisha jino, analikausha, anapaka kwa brashi ndogo dawa ya rangi ya njano hivi inayoganda mara tu inapokutana na mate. Ni dakika chache. Ina nguvu, 22,600 kwa milioni, lakini inayopakwa ni tone, na inang'ang'ania jinoni badala ya kumezwa kwa mkupuo. Siku hiyo mtoto ale laini na asipige mswaki mpaka saa walizomwambia. Hurudiwa kila baada ya miezi 6, na kwa mtoto mwenye madoa hai hata kila miezi 3.

Ya pili ni kuziba mifereji kabla haijatoboka. Kuna utomvu unaokaushwa kwa taa ya bluu, unadumu sana, lakini unadai jino liwe kavu kabisa, na huwezi kulikausha gego ambalo nusu liko chini ya ufizi. Isitoshe, enameli iliyopigwa na floraidi haikubali kirahisi ile asidi wanayopaka kwanza ili utomvu ushike. Dokta anayewajua watu wa huku huiacha kwa muda zaidi. Kwa gego linalochomoza wengi wanapendelea glasi ionoma, saruji nyeupe inayovumilia unyevu kidogo na kuachia floraidi yake yenyewe polepole. Niliyoiona mimi iliwekwa kwa kidole. Dokta alichanganya unga na maji yake kwenye karatasi, akaiweka juu ya gego, akapaka Vaseline kwenye kidole cha shahada cha glavu, akabonyeza kwa nguvu na kutulia. Alipoondoa kidole, mifereji ilikuwa imejaa, na iliyozidi akaikwangua pembeni. Binti yangu alilalamikia ladha tu.

Na kama limeshatoboka? Hapa ndipo tunapong'oa watoto magego mazima. Kuna kliniki, siitaji, ambako jirani yangu aliambiwa kabla hata mwanawe hajakaa vizuri kwenye kiti kwamba pale huduma ni kung'oa. Gego la mtoto wa miaka 7 lenye tobo dogo lisilomkesha usiku halihitaji koleo.

Na kinachonifurahisha ni kwamba njia mojawapo ya kulitibu ilianzia hapa hapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walikuwa wanatafuta namna ya kutibu watu wa vijijini bila umeme, kwa vile mashine za kubeba zilikuwa nzito na zinaharibika. Wakaona kwamba kwa vifaa vya mkono peke yake unaweza kupanua mlango wa tobo, ukakwangua uozo laini, ukaziba. Baadaye glasi ionoma ikawa ndiyo saruji yake. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Leo inatumika hata kwenye nchi zenye umeme wa kutosha, kwa kuwa watoto hawaiogopi: hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna sindano. Halafu sisi wenye asili yake tunaambiwa ni kung'oa tu.

Jambo jingine lililobadilika ni kwamba uozo ulio karibu na kiini cha jino haukwanguliwi wote. Kingo zinasafishwa mpaka pagumu ili zibo lishike, lakini chini kabisa, juu ya neva, wanaacha tabaka laini na kuziba juu yake. Vijidudu vilivyofungiwa bila sukari vinadhoofika, na jino hupata muda wa kujijengea ukuta ndani. Kwa mtoto hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mizizi ya gego hilo hufunga karibu miaka 3 baada ya kutoka; ukiua kiini kabla ya hapo, umebaki na jino lenye mizizi mifupi na kuta nyembamba. Hata neva ikiguswa, kwa mtoto inawezekana kuondoa sehemu ya juu tu ya kiini, kufunika iliyobaki kwa saruji maalumu ya kalsiamu, na mizizi ikaendelea kukua.

Ukipewa zibo la rangi ya fedha, lile la amalgamu lenye zebaki ndani yake, uliza. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kutoliweka kwa watoto wa chini ya miaka 15, ila pale mtaalamu anapoona hakuna budi. Na kwa mtoto asiyekaa kwenye kiti hata kwa pipi (tafadhali msimuahidi pipi), ipo dawa ya maji yenye fedha na floraidi inayopakwa juu ya uozo na kuusimamisha. Inauacha mweusi tititi, kwa hiyo kwa meno ya mbele wazazi hukataa, kwa gego la nyuma sioni shida. Tangu 2021 dawa hiyo, glasi ionoma na dawa ya meno yenye floraidi zote zimo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Ukienda kliniki, iwe hospitali ya mkoa au ile ya rufaa ya KCMC kule Moshi, uliza kwa majina hayo: vanishi, glasi ionoma. Ukiuliza tu "mnatibu meno?" utajibiwa "ndiyo," na hujajua lolote.

Ule ukingo mweupe wa binti yangu, mara ya mwisho ulipokaushwa, ulikuwa mdogo na una mng'ao. Dokta alisema umesimama, turudi kwa vanishi kama kawaida. Mdogo wake gego limeanza kuchungulia upande wa kushoto, bado lina kofia ya ufizi, na kila usiku ni vita ya kifua changu na kichwa chake. Bibi amekubali kuacha magadi kwenye chakula cha wajukuu, ila kande zake mwenyewe tusiziguse. Na dada mtu akifika miaka 12 yatatoka magego mengine manne nyuma ya haya, nayo yakiwa yamezama na mifereji mibichi vile vile, kwa hiyo mswaki utabidi ugeuzwe upya. Tofauti ni kwamba atakuwa anajipigia mwenyewe, mlango wa bafu ameufunga kwa ndani, na mimi niko nje nampigia kelele asisukutue.